Mbegu Katika Gunia Moja

Sisi tulimwita Bibi Shamba, naye hakulipenda jina hilo. Alisema bibi shamba ni mtu anayewafundisha wenzake kupanda mahindi kwa mstari, na yeye hakusomea mistari. Lakini ndicho cheo serikali ilichompa, na kwa kuwa hakuwa na mume wala mtoto, mji mzima ulikosa jina jingine la kumwita. Kwetu Babati mwanamke mtu mzima huitwa mama fulani. Mimi nilikuwa Mama Elia hata kwa mwalimu mkuu wangu. Yeye alibaki Bibi Shamba sokoni, kanisani na kwenye foleni ya sukari, mpaka siku alipoondoka.

Alizaliwa wapi, na nani, sijui vizuri, na sikuwahi kumchimba. Nilimjua kwa sababu tulipakana ukuta kule Nangara, katika nyumba za watumishi zilizojengwa kwa safu chini ya bati moja refu. Upande huu tulikaa mimi, mume wangu fundi baiskeli, na mtoto wetu Elia. Upande ule alikaa yeye na makopo yake. Siku alipohamia nilimfuata mlangoni kama ilivyo desturi.

"Karibu jirani. Ukipungukiwa chumvi, gonga tu ukuta."

"Sipungukiwi," akanijibu, akaendelea kushusha mizigo.

Nilirudi ndani nimenuna. Nikamwambia mume wangu kwamba tumeletewa jiwe. Basi wiki haikuisha, akagonga. Hakutaka chumvi. Alikuwa ameniona barazani nikichambua mbaazi za chakula cha jioni.

"Mama Elia, hizo mbaazi zimetoka wapi?"

"Sokoni."

"Sokoni siyo mahali. Aliyekuuzia anatoka kijiji gani? Kavuna shamba la bondeni au la mlimani? Mbegu alipewa na nani?"

"Bibi Shamba, mimi nimenunua mboga tu."

Akachukua punje chache kutoka kwenye ungo wangu, akaziviringisha kiganjani, akazitia kwenye kopo dogo la maziwa, akaondoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi nilimwona sokoni amesimama mbele ya yule mama muuzaji, anamhoji kama polisi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na mdomo. Mtu akimwambia mwaka huu mavuno ni mengi, alimkatiza, "Usiniambie mengi, niambie ya mbegu zipi." Wakulima wengine walimwogopa, wengine walimcheka akishapita na baiskeli yake, sketi ameifunga kwa kamba ya katani isishikwe na mnyororo. Wazee wa Kimbulu wa huko Sigino, ambao hawana haraka ya kumsifu mtu, walisema tu kwamba huyu anauliza sana lakini anasikiliza jibu.

Kile alichokitaka maishani nilikielewa kidogo kidogo, barazani, katika ule mwaka ambao sabuni ilipotea kabisa tukawa tunafulia majani ya mpapai. Alikuwa amesoma kilimo chuo kikuu. Baadaye alipelekwa nje ya nchi kwa mafunzo ya miezi kadhaa, na huko akaona kompyuta. Aliniambia ilijaza chumba kizima, ikavuma kama kinu cha kusaga. Watu wa huko waliilisha habari za ngano, kila ngano na tabia zake, nayo ikawaambia ipi ioane na ipi ili mtoto azaliwe asiyekufa kwa kutu ya majani.

"Wenzangu walikwenda kuangalia ngano," alisema. "Mimi nilibaki mle ndani. Niliona kwamba urithi ni hesabu, Mama Elia. Wewe, mimi, mbaazi, ng'ombe wa Mmang'ati, sisi sote ni habari iliyopangwa. Ukiweza kuipanga sawasawa, unaweza kuiuliza swali."

Mimi nilifundisha darasa la tatu kusoma na kuandika. Nilimwambia ukweli kwamba sikuelewa.

"Hata wizarani hawakuelewa," akasema.

Aliporudi nchini alikwenda kuomba kazi ya namna hiyo, kazi ya kuunganisha elimu ya mimea na hesabu za mashine. Kazi hiyo haikuwepo. Haikuwa hata na jina. Na wakati huo mashine zenyewe zilikuwa zimezuiwa kuingizwa nchini. Ofisa mmoja mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akamwambia, "Binti, chagua. Mimea au mashine? Nchi haina mafuta ya kuendesha matrekta, wewe unataka kompyuta ya kuhesabia mbaazi."

"Asiye na mafuta ndiye anayehitaji kujua anakokwenda," alimjibu.

Jibu zuri. Alilirudia mbele yangu mara nyingi, na kila mara alicheka. Lakini jibu hilo ndilo lililomleta Babati. Wenzake waliojibu "ndiyo mzee" walipewa vituo vya utafiti vyenye maabara. Yeye alipewa baiskeli.

Baiskeli hiyo ndiyo iliyomfanya azoeane na mume wangu. Kila wiki ilikuwa na jambo, na vipuri havikuwepo. Siku moja alimwomba Baba Elia spoku, na mume wangu akamwuliza ya gurudumu la mbele au la nyuma.

"Ya kompyuta," akasema.

Mume wangu alidhani anatukanwa. Ndipo akatuita ndani kwake, kwa mara ya kwanza. Chumba cha mbele hakikuwa na kiti cha mgeni. Kuta mbili zilikuwa na rafu za mbao za mapande, na rafu zimejaa makopo: ya maziwa, ya siagi, ya dawa, hata vibuyu vidogo. Kila kimoja kilikuwa na mbegu za aina yake, nyingi mbaazi, na maharage kidogo. Juu ya meza palikuwa na kadi alizozikata kutoka maboksi matupu ya duka la ushirika. Kila kadi ilikuwa ya kopo moja. Pembeni mwa kadi alitoboa matundu kwa safu, na kila tundu lilikuwa swali moja. Je, inakomaa mapema? Je, punje ni nyeupe? Je, inaivumilia njaa ya mvua? Je, inapona mnyauko, ule ugonjwa unaoukausha mmea mzima? Jibu likiwa ndiyo, alilikata lile tundu kwa mkasi mpaka likawa wazi ukingoni. Likiwa hapana, aliliacha zima.

Alizipanga kadi zote pamoja kama karata, akapitisha spoku katika tundu la mnyauko, akainua, akatikisa. Kadi nyingi zilining'inia kwenye spoku. Chache zilidondoka mezani.

"Hizo zilizoanguka ndizo zinazopona," alisema. Akazikusanya hizo chache, akapitisha spoku kwenye tundu jingine, akatikisa tena. "Na hizi, kati ya zinazopona, ndizo zinazokomaa mapema. Ile ya wazungu inafanya hivihivi, ila inafanya haraka. Kompyuta ni akili ya kupanga. Sanduku si kitu."

Baba Elia akaishika ile spoku, akainyoosha kidogo pale ilipopinda, akasema, "Hii itakukwaruza kadi. Nitakunolea nyingine." Kuanzia siku hiyo spoku zake zote zilizokufa zilikwenda upande wa pili wa ukuta. Alimtengenezea na kifaa cha kutobolea, maana mkasi ulikuwa umemtoa malengelenge.

Mpango wake ulikuwa mkubwa, naye hakuuficha. Alitaka kukusanya mbegu za bonde lote la Babati, vijiji vyote, kwa miaka, na kila moja aipande, aiangalie, aikatie kadi. Zikishatimia, angezibeba aende nazo chuo kikuu, ambako alisikia itafungwa mashine siku moja, awaambie, hii hapa kazi, nimeshaianza bila nyinyi. "Kazi yangu haina jina bado," alisema. "Nitaanza bila jina. Jina litanikuta njiani." Aliamini hivyo. Nilimtazama uso akisema, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokuwa kijana.

Asije mtu akadhani ninamtengeneza malaika. Bibi Shamba alikuwa na kiburi, na ulimi wake haukuchagua. Kwenye mikutano aliwakemea wakulima wasiuze nafaka kwa walanguzi, halafu yeye mwenyewe mafuta ya taa aliyapata kwa mlango wa nyuma, na sabuni aliletewa na dereva mmoja wa lori aliyetoka Kenya. Nilipomwuliza, alisema, "Mimi kukosa sabuni ni kosa la serikali. Nisiwalipie wao kwa kunuka." Alimfukuza Elia barazani kwake kwa kugusa kopo moja, mtoto akalia hadi akatapika. Lakini Elia alipougua surua na kukataa kula kabisa, ni yeye aliyetoa sukari, sijui aliificha tangu lini, akakoroga uji mwenyewe na kumnywesha kijiko kwa kijiko, huku akimfokea ameze.

Na kulikuwa na siku ya mkutano wa hadhara. Katibu wa tawi la chama alisimama kutoa agizo kwamba kila kaya ing'oe mbaazi zote zenye mnyauko na zisizo nao, ipande mahindi, kwa sababu mbaazi zimeleta ugonjwa. Tulikuwa tunakula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, nani angebishana na mahindi? Bibi Shamba aliinuka kutoka nyuma.

"Ndugu Katibu, mmea hausikii hotuba. Ukiing'oa isiyougua, utapanda nini mwakani?"

Watu walicheka. Hawakumcheka yeye, walimcheka Katibu. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kuyafanya, na yeye hakulijua, maana alikaa chini akiwa ameridhika kwamba amesema sahihi.

Lakini wapo waliotii agizo. Akizunguka kuziwahi mbegu kabla hazijang'olewa, alikutana na bibi kizee wa Sigino. Huyu alikuwa mjane, Kiswahili chake cha kuungaunga, na shamba lake lilikuwa na mstari mmoja wa mbaazi ndefu kandokando ya boma. Mashamba ya jirani yalikauka yote kwa mnyauko, mstari ule ukabaki wa kijani. Bibi Shamba alikwenda kuuangalia mara nyingi mno mpaka bibi akawa anamwekea kigoda. Mara moja nilifuatana naye, siku ya Jumapili baada ya ibada.

"Hii ya mama yangu," bibi kizee alisema. "Alikuja nayo toka juu, Mbulu. Jirani ikifa, hii iko. Hii haifi."

"Niuzie kidogo bibi, nikaipande."

"Siuzi." Akaingia ndani, akatoka na kibuyu, kizito. "Chukua yote. Vijana wangu wamesikia habari ya Katibu. Wataing'oa. Na iliyo ndani wataipika, njaa hii. Wewe huna watoto. Kwako haitaliwa."

Nilimwona Bibi Shamba akipokea kwa mikono miwili, ameinama. Sikuwahi kumwona akiinama kwa mtu. Njia nzima ya kurudi alisukuma baiskeli tu, kibuyu amekifunga kifuani kwa kanga kama mtoto.

Kweli vijana waling'oa. Na bibi kizee hakumaliza mwaka ule. Tulikwenda kumzika sote wawili.

Bibi Shamba alitoa punje chache kutoka kwenye kibuyu, akazipanda nyuma ya nyumba yetu, katika udongo alioutoa makusudi kwenye shamba lililokufa. Zote ziliota, na hakuna iliyonyauka. Lakini mmea wa namna ile unachelewa, hautoi mpaka miezi mingi ipite, na kabla haujaweka maua, mbuzi wa nyumba za watumishi walivunja ua wakala mpaka shina. Hakujali sana. "Nimeshaona nilichotaka kuona," alisema. "Msimu ujao nazipanda zote." Akaikata kadi yake, habari za mazao na punje akizijua kwa alivyoziona kwa bibi kizee. Jioni ile alitugongea ukuta, akatuita tuone. Alipitisha spoku katika tundu la mnyauko, kisha la mazao, kisha la punje kubwa, na kila akitikisa kadi zilipungua, mpaka mwisho ikabaki moja mezani. Alicheka kwa sauti. Mume wangu naye akacheka, ingawa nadhani hakujua anacheka nini.

Msako ulikuja kabla ya mvua.

Watakumbuka waliokuwepo. Redioni kila siku walitajwa walanguzi na wahujumu, na watu usiku walitupa vitambaa na betri vichakani na ziwani ili wasikutwe navyo. Wenye duka waliogopa bidhaa zao wenyewe. Ilifika mahali kuwa na kitu chochote kingi kuliko jirani yako ilikuwa hatia. Sisi watumishi wadogo tulisema, watatukuta na nini sisi? Tuliona ni habari ya wakubwa.

Walikuja asubuhi, Katibu wa tawi na mgambo wanne. Ilikuwa likizo, nilikuwa barazani. Waliingia kwa Bibi Shamba moja kwa moja, kwetu hawakutazama hata mlango. Kitu cha kwanza walichokitoa nje kilikuwa miche ya sabuni chini ya kitanda. Hiyo ilikuwa ya magendo kweli, hakuwa na la kusema. Kisha wakaona rafu.

"Hizi ni nini?" Katibu akauliza.

"Mbegu."

"Mbaazi hizi. Na maharage. Watu wanakula yanga, wewe umejaza nyumba mbaazi."

"Si za kula."

"Mbaazi isiyo ya kula ni mbaazi gani?"

Angesema kwa upole, labda. Angesema, Ndugu Katibu, ni mali ya serikali, ni kazi yangu, twende ofisini. Mimi nilitaka kumsemea, nikasogea, mgambo mmoja akaniambia, "Mwalimu, kaa kwako." Na Bibi Shamba, badala ya kujishusha, akaanza kuwafundisha. Akatoa kadi. Akawaeleza urithi. Akawaambia kwamba wakigusa kopo moja watakuwa wameua kazi ambayo hawawezi hata kuitamka.

Katibu aliitwaa kadi, akaitazama mwangani kupitia matundu. "Na hii lugha ya matundu unaandikiana na nani?"

"Na mbaazi," akasema.

Mgambo mmoja alicheka. Katibu hakucheka. Akaamuru gunia liletwe.

Nimeona mambo katika maisha yangu. Nimezika mume, nimezika mama. Lakini ile sauti sijaisahau, sauti ya punje zikimiminika kopo baada ya kopo katika gunia moja. Kwenye kopo la pili alisema, "Subiri, basi chukueni, lakini kila moja peke yake, naomba." Lilikuwa neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Katibu akasema, "Mbaazi ni mbaazi," na wakaendelea. Walipofika kwenye kibuyu alimrukia yule kijana aliyekishika. Wawili walimshika mikono. Kijana alikipindua kibuyu, akakigonga kitako kwa kiganja ili zisibaki.

Alipiga ukelele mmoja tu. Watu wa nyumba zote za watumishi walitoka. Hakuna aliyesema kitu. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliosimama pale.

Alikaa mahabusu siku kadhaa. Mume wangu alimpelekea chakula, akarudishwa nacho. Wakati huo gunia lilifikishwa tawini, likauzwa kwa wananchi kwa bei ya halali, kila kaya kipimo chake, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ya sukari. Watu walishukuru. Kwa siku mbili Nangara nzima ilinukia mbaazi za kuchemsha. Nani wa kuwalaumu? Watoto walikuwa na njaa. Baba Elia alisema kwetu hazitaingia, hazikuingia, na Elia alilia akisikia harufu ya jirani.

Walimwachia bila kesi. Sabuni hawakumrudishia, kadi walimrudishia zote, maana hazikuwa na faida kwa mtu. Alirudi kwa miguu, hakuingia kwake. Alipita nyumba hadi nyumba, yeye asiyejua kuomba, na kopo tupu mkononi. "Hodi. Shikamoo mama. Mmebakiza mbaazi zozote? Hata punje tano." Wengi walikuwa wamekwisha kula. Wengine walimpa konzi moja, kwa aibu, wakitazama pembeni. Alizipanda zote nyuma ya nyumba katika udongo uleule wa mnyauko, akazungushia miiba. Kila asubuhi alichuchumaa mbele ya miche. Ilianza kunyauka mmoja mmoja, jani la chini kwanza. Siku ule wa mwisho ulipolala, nilimkuta ameketi kando yake.

"Labda ipo nyingine," nilisema. "Juu Mbulu. Kwa ndugu za yule bibi."

"Nilikwenda. Wanapanda mahindi." Kisha akasema, "Kwa nyingine zote ningeweza kuanza upya, Mama Elia. Miaka kadhaa na baiskeli. Lakini ile niliwekewa. Aliniamini kwa sababu sina watoto."

Hadi leo sijui kama Katibu alilipiza kisasi cha mkutano, au aliamini kweli kwamba anawalisha wenye njaa. Nimefikiri pande zote mbili. Ukiniuliza ni ipi inayouma zaidi, nitakwambia ni ya pili.

Msimu uliofuata mnyauko ulipita Sigino na Nangara kama moto. Wale wakulima waliokuwa wakimcheka walimjia, kofia mkononi. Mzee mmoja aliwatangulia.

"Bibi Shamba, tumesikia ulikuwa na mbegu isiyonyauka. Tunaomba."

Alisimama mlangoni, hakuwakaribisha.

"Mliila," alisema.

Hawakuelewa. Walidhani ni ukali wake wa kawaida. Akafunga mlango. Tangu siku ile alifanya kazi yake kama walivyotaka wakubwa. Alifundisha mistari. Alipima nafasi kwa kamba, shimo hadi shimo, hakuuliza mtu mbegu imetoka wapi. Mdomo wake ulikwisha. Watu walisema amekomaa, amekuwa na adabu. Mimi niliukumbuka ule ukali kama mtu anavyokumbuka mvua.

Kabla hajahamishwa alinijia shuleni na boksi. Wanafunzi wangu walikuwa wanaandika kwa vijiti mchangani, hatukuwa na karatasi hata ya kuandikia majina. Akaliweka boksi mezani kwangu. Zilikuwa kadi zake zote.

"Nyuma ni nyeupe," alisema. "Wape waandikie."

"Bibi Shamba, hizi ni kazi yako."

"Ni habari za vitu ambavyo havipo. Wape watoto."

Niligawa. Walifurahi sana, waliingiza vidole katika matundu, wakachunguliana macho. Yeye alisimama dirishani kidogo, akaenda zake. Kesho yake alipanda basi la Arusha, na ule upande wa pili wa ukuta akahamia mtu wa maji.

Ilipita miaka. Sukari ilirudi madukani, mitumba ikajaa sokoni, Katibu akafungua duka lake mwenyewe la jumla na watu wakamwamkia. Nilikwenda Arusha kumpeleka Elia hospitali ya macho, na huko bwana shamba mmoja wa zamani akaniambia kwamba jirani yangu yuko palepale mjini, katika ofisi ya mradi mmoja wa kilimo. Nilimwacha Elia kwa shangazi yake, nikaenda.

Mlangoni niliambiwa nivue viatu, mashine haitaki vumbi. Niliingia pekupeku. Alikuwa ameketi na kisanduku cha kioo mbele yake, herufi za kijani zinawaka ndani. Nywele zilikuwa zimeingia mvi, na alikuwa amevaa miwani. Nilipiga kigelegele kidogo, nikajizuia.

"Umeipata!" nilisema.

Alisimama, akanishika mikono yote miwili kwa muda mrefu. "Nimeipata, Mama Elia," alisema. "Inahesabu matairi."

Alinionyesha. Zilikuwa habari za magari ya mradi, mafuta, matairi, nani kasafiri wapi. Alizichapa tangu asubuhi hadi saa tisa. Alijifunza mashine ile kwa siku chache kwa sababu alikuwa anaijua tayari, wakampa cheo cha mwingiza takwimu. Aliomba mara moja tu kuitumia baada ya kazi kwa mambo yake, akaambiwa umeme ni wa mradi.

Alikuwa ananiuliza habari za Baba Elia pale alipoingia kijana mmoja, Mtanzania mwenzetu, ametoka chuo karibuni, mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo, akauliza natoka wapi. Nikasema Babati. Uso ukamchangamka.

"Babati! Mama, umetumwa na Mungu. Mimi ndiyo naanza utafiti huko. Mbaazi za kienyeji zimeisha kwa mnyauko, nataka nikusanye zilizobaki, niziingize kwenye kompyuta kila moja na tabia zake. Ni elimu mpya kabisa, hapa nchini hakuna aliyeifanya. Je, mnamjua mtu yeyote kule aliyewahi kukusanya mbegu?"

Nilifungua mdomo. Bibi Shamba alitangulia.

"Hakuna," alisema.

"Hata mzee mmoja?"

"Hakuna mtu."

Kijana alishukuru, akatoka kwenda chumba cha pili. Nilimgeukia Bibi Shamba.

"Kwa nini? Angekupa kazi. Ndiyo kazi yako ile, ametaja kila kitu."

"Nikimwambia ni mimi, ataniomba mbegu. Nimpe nini?"

"Mpe unachokijua."

"Ninajua kwamba ilikuwepo." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena. "Atanihurumia, Mama Elia. Halafu ataniandika chini ya ukurasa, pale wanaposhukuru madereva. Mwache aanze na moyo wake mzima. Mimi nilianza hivyo."

Nilitaka kusema neno, lakini kijana alikuwa ameshatokea tena mlangoni na bahasha ndogo ya khaki, anaishika kwa ncha za vidole kama yai.

"Samahani mama, kabla hujatoka kwenda kunywa chai. Mbegu ya kwanza imeletwa leo, inatoka Sigino. Unaweza kunifungulia orodha?"

Bibi Shamba alivuta kiti, akaketi, akanyoosha vidole juu ya mashine.

"Niandike namba ngapi?" akauliza.

"Anza na moja," kijana alisema.

Akaandika moja.